Saccos yetu Dodoma na mkopo wa kirikuu: kufunga deni mapema ni kosa?

Naipa saccos yetu, chama chetu cha akiba na mikopo, nyota mbili, na moja ni ya mlinzi wa getini, aliyenipa kiti.

Mkopo ni wa kitambo kidogo: 12,000,000 za kununua kirikuu, kigari cha kubebea mizigo, miezi 36, riba asilimia 12 kwa mwaka. Marejesho 453,333 kila mwezi. Ndani yake 333,333 inapunguza deni la msingi, 120,000 ni riba, na hiyo 120,000 haishuki hata mwezi mmoja kwa sababu wanaipiga juu ya milioni 12 zote za mwanzo, hata ukiwa umebakiza laki tatu. Jumla ya riba 4,320,000. Asilimia hiyohiyo 12 ingepigwa kwenye salio linalopungua, rejesho lingekuwa kama 398,600 na riba yote isingefika 2,350,000. Kwa hiyo anayekutajia "12 tu, ndugu yangu" hajakwambia kitu. Hii yetu, ukiigeuza iwe ya salio linalopungua, inakaribia 21.

Hayo nilikuwa nayajua nikasaini, sawa. Kilichonichefua ni juzijuzi, baada ya alizeti kuuzika. Marejesho 18 yameshaingia, nikaenda kufunga deni. Dada wa dirishani akavuta kikokotoo chake, kile ambacho namba 7 imefutika, akabonyeza, akakigeuza upande wangu: 8,160,000.

"Dada, msingi si umebaki milioni sita?"

"Na riba?"

"Riba ya miezi ambayo hela yenu sitakuwa nayo?"

Hata macho hakuinua. "Kaka, mkataba ulisaini kwa kalamu yako au ya jirani?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nusura nicheke, maana jibu lilikuwa kali kweli. Lakini 2,160,000 si ya kucheka. Ukilipa hivyo umewapa pesa zao mwaka mmoja na nusu kabla, na riba umewaachia yote. Heri uendelee na rejesho la kila mwezi, hiyo hela izungushe kwenye mahindi ya Kibaigwa.

Kipengele cha kutafuta kabla ya kusaini ni cha kulipa kabla ya muda. Kikisema "mkopo na riba yote ya kipindi cha mkataba", ndiyo hayo yaliyonikuta. Kikisema riba hadi siku ya kufunga, una nafuu. Mkataba wangu haukuwa na kipengele hicho kabisa, na ndiyo maana hasira haishuki: dada alinirudisha kwenye karatasi ambayo haina jibu.

Naulizwa sana kama akaunti ya saccos ni sawa na ya benki. Si sawa. Hundi sahau. Amana unaitoa unapotaka. Akiba ndiyo inakupa mkopo, kwetu mara tatu yake, na ukishakopa inafungwa. Hisa hutoi, unamuuzia mwanachama mwenzako. Ndiyo kusema milioni nne zangu zimelala humo nikikopa 12, basi hela ya watu niliyoshika kweli ni nane, lakini riba nalipia 12. Niliomba akiba ikatwe kwenye deni, nikaambiwa hadi nijitoe uanachama. Wadhamini nao akiba zao zimebanwa hadi nimalize. Siku ya mwisho dai barua ya kumaliza deni na barua ya kuwaachia wadhamini, siku hiyohiyo, kwa sababu bila ile ya kwanza jina la chama haliondoki kwenye kadi ya gari pale TRA.

Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, wanailazimisha, hilo siwalaumu. Ila hakikisha imeandikwa ya biashara. Kirikuu inayokodiwa kubeba nyanya ikikatiwa bima ya matumizi binafsi, siku ya ajali utaambiwa hudai kitu.

Kwa haki, benki zilitaka hati ya nyumba, na nyumba yangu ya Nkuhungu hati haijatoka. Hawa walitazama akiba na wadhamini, hela ikatoka. Bila wao ningekuwa bado nakodi. Kwa hilo nilitaka kuongeza nyota ya tatu.

Halafu nakumbuka ile kalamu. Barua nimeshaandika kwa kamati ya usimamizi, nakala kwa afisa ushirika wa jiji, nimeomba mchanganuo wa deni kwa maandishi na kipengele walichotumia kunidai hiyo riba. Wakinyamaza, Tume ya Maendeleo ya Ushirika iko hapahapa Dodoma, nauli ya daladala tu. Na mkutano mkuu ukiitishwa nitasimama na kikokotoo changu, chenye namba zote.

Nyota moja. Ya mlinzi.