Shanga za agarosi au za sumaku?
Kwa kunasa protini maabarani kwa kingamwili zilizoshikizwa kwenye shanga (punje ndogo sana), agarosi (dutu ya mwani inayofanana na jeli) bado ina nafuu ya bei, na kwa kuwa punje zake zina vitundu, hubeba kingamwili nyingi zaidi. Shida ni kuosha. Unazungusha kwenye sentrifuji, unanyonya maji ya juu, na lile tonge jeupe chini ya kichupa halionekani vizuri. Ukizubaa, nusu imeondoka na pipeti. (Kata ncha ya pipeti unapozichota, na usizigandishe kamwe.)

Za sumaku, ukiweka kichupa kwenye kishikilio chenye sumaku, hukimbilia ukutani mwa kichupa, unamwaga bila wasiwasi. Ila bei inauma, na kishikilio hicho hununuliwa kando.

Unasafisha protini nyingi kwa mkupuo? Agarosi. Sampuli ndogondogo 24 kwa siku? Sumaku.