Uzamili wa haki jinai kwa masafa nikiwa Lubumbashi: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Mimi ni avoka (wakili) huku Kongo, kazi yangu ya kila siku ni parke (ofisi ya waendesha mashtaka) na kasho (mahabusu), na shahada hii ya uzamili ya haki jinai na kazi ya polisi nimeisoma katika chuo kimoja cha Uingereza bila kutoka Lubumbashi.

Kilichonifaa zaidi ni ule ukali wa kudai ushahidi. Chukua doria. Wizi ukizidi katika Kenya au Katuba, komini (sehemu za mji) za hapa Lubumbashi, tunadai askari waongezwe barabarani, na wakiongezwa tunapiga makofi. Kozi ikatuletea jaribio la Kansas City, Marekani, la 1972 hadi 1973. Mitaa 15 iligawanywa mafungu matatu: kwanza doria iliondolewa na polisi wakaja wakiitwa tu, pili iliongezwa mara mbili au tatu, tatu ikaachwa ilivyokuwa. Uhalifu haukutofautiana kwa maana, wala hofu ya wakazi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ni OPJ, afisa wa polisi anayepeleleza kesi. Nilipomsimulia alicheka: "Hao walikuwa na magari ya kuondoa. Sisi tungeondoa nini?" Nilimpeleka yaya na swali lake moja kwa moja kwenye insha yangu. Tafiti za baadaye, lakini, zilionyesha kwamba doria inayolenga kona chache zenye matukio mengi husaidia, kwa hiyo usitoke ukitangaza kwamba doria ni bure.

Kozi yenyewe ni ya Kiingereza kwa lugha na kwa fikra. Inaanzia kwa Robert Peel na polisi wa London wa 1829, inapita sheria yao ya polisi na ushahidi ya 1984, na inachukulia kwamba polisi anaongoza upelelezi mwenyewe. Kwetu OPJ anafanya kazi chini ya hakimu wa parke. Kulinganisha huko utafanya wewe mwenyewe, peke yako, maana walimu wangu hawakuwa wameisoma sheria yetu. Niliandika juu ya kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006, kinachosema mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48, na kila avoka wa hapa anajua saa hizo zinavyonyooka wikendi ikiingia katikati. Mwalimu aliipenda, akaomba vyanzo zaidi. Vyanzo vyenyewe vilikuwa Kifaransa.

Tasnifu ndiyo iliyonila nyota. Nilitaka kuhoji watu waliopita kasho. Kamati ya maadili ya chuo ikauliza nitawapa namba gani ya simu ya huduma ya ushauri wa kisaikolojia, kana kwamba iko moja kila mtaa. Miezi ikaenda kwa barua. Hoja yao nyingine niliikubali: mtu ambaye kesi yake bado iko wazi anaweza kuogopa kumkatalia avoka anayemhoji. Mwishowe nilihoji maavoka wenzangu. Kama una wazo la namna hiyo, lijadili na msimamizi muhula wa kwanza, usingoje wa mwisho.

Umeme na intaneti vinavumilika ukijipanga. Delestaji (mgao wa umeme) ikipiga, masomo ya moja kwa moja yanakupita, ila yanarekodiwa. Mimi nilinunua mega (bando la intaneti) za usiku, nikapakua makala zote za wiki kwa mkupuo. Maktaba yao ya mtandaoni peke yake inakaribia kurudisha karo. Karo nililipa kwa awamu, na kila awamu benki ilikata ya kwake. Hesabu hiyo uiweke pembeni mapema.

Anayetafuta ufundi wa alama za vidole au kufuatilia simu, hapa hautapata. Ni nadharia, sera na mbinu za utafiti. Na kama lengo lako ni kufundisha chuo kikuu, diploma ya nje inahitaji ekivalansi (cheti cha kuitambua) kutoka wizarani Kinshasa. Waulize wanavyoipokea ya masafa kabla hujatuma franka ya kwanza.