The First Grader: filamu ya Mzee Maruge, na namna ya kuionyesha kwa kikundi

Kwa madarasa ya ngumbaru hapa Kisumu, sijapata filamu inayowafaa wanafunzi kuliko The First Grader ya mwaka 2010. Ni kisa cha Kimani Maruge, mzee aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Kibaki ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi, na Maruge alilichukua tangazo lile jinsi lilivyosemwa: elimu bure kwa wote. Katika filamu ana barua kutoka ofisi ya rais, na hataki kusomewa na mtu.

Nguvu yake kubwa ni Oliver Litondo, Mkenya aliyewahi kuwa mtangazaji wa habari, anayemwigiza Maruge. Haombi huruma ya mtazamaji hata kidogo. Anafukuzwa langoni, anarudi. Akiambiwa hana sare, anakata suruali yake iwe kaptula, anavaa soksi ndefu na kuja tena na fimbo yake. Tazama uso wake pale: hakuna mzaha, ni mtu aliyetimiza masharti na sasa anadai haki yake. Wanafunzi wazima hucheka wakiona zile soksi, kisha kicheko kinakatika chenyewe. Watoto wa darasani nao hawakuwa waigizaji; ni wanafunzi wa shule halisi, na ndiyo maana wanavyomkazia macho mzee huyu hakuonekani kama jambo la kufundishwa.

Tukio la penseli ndilo moyo wa filamu nzima. Maruge anaambiwa achonge penseli yake, na mkono unakataa. Mtazamaji anarudishwa kwenye kambi za kizuizini za miaka ya 1950, ambako Maruge, mpiganaji wa Mau Mau waliopigana na utawala wa Waingereza, aliteswa kwa penseli iliyochongwa kutiwa sikioni. Ghafla unaelewa kwa nini hasikii vizuri, na kwa nini kazi ya sekunde chache kwa mtoto wa miaka 6 ni mlima kwake. Mwongozaji Justin Chadwick na mwandishi Ann Peacock wangeweza kulieleza hili kwa hotuba ndefu. Wameiachia penseli kazi hiyo, na mtu yeyote aliyewahi kumshika mama wa miaka 60 mkono akiandika jina lake kwa mara ya kwanza ataitambua hofu ile.

Kasoro zipo, na watu wa huku watakuwa wa kwanza kuziona. Eldoret ni nyanda za juu, kijani, mahindi na ngano. Filamu ilipigwa upande mkavu wa Bonde la Ufa, kwa hiyo utaona vumbi na migunga. Waambie watazamaji mapema, la sivyo nusu saa ya kwanza itaishia kwenye mabishano ya “hapo si Uasin Gishu”, kaunti ya Eldoret. Mwalimu Jane, anayempokea Maruge shuleni, anaigizwa na Naomie Harris wa Uingereza, na anaigiza vizuri sana, ila lafudhi huteleza mara mojamoja. Misukosuko ya ndoa ya Jane ingepunguzwa bila hasara. Historia ya Mau Mau nayo imefupishwa mno. Filamu ilitoka kabla ya 2013, mwaka ambao Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa, basi sehemu hiyo ya habari itabidi uimalizie wewe mwenyewe. Mchekeshaji Churchill Ndambuki naye yumo kama mtangazaji wa redio, na watu humshangilia kila anapoongea.

Ina dakika 103. Kwa kikundi, panga saa mbili na nusu, kwa sababu mazungumzo mengi ni ya Kiingereza na lazima usimamishe. Mimi husimamisha mara tatu: baada ya Maruge kukubaliwa shuleni, mara tu baada ya penseli, na pale Mwalimu Jane anapohamishwa. Dakika 5 hadi 7 kila mara zinatosha kueleza kwa Kiswahili na kusikia maoni. Usitafsiri juu ya sauti ya filamu. Litondo hufanya kazi kubwa kwa kunyamaza, na ukiongea utafuta yote hayo.

Kinachoharibu onyesho mara nyingi ni sauti, picha ni nadra. Spika iliyo ndani ya projekta haitoshi hata kwa watu 20. Unganisha spika ya nje na uiweke karibu na shuka la kuonyeshea picha, juu ya meza, sauti itoke upande wa picha. Chini ya mabati, mvua ya alasiri ikianza, funga kazi tu, hakuna spika itakayoishinda. Ukionyeshea nje, subiri hadi saa moja na nusu usiku giza likolee, na funga shuka pembe zote nne pamoja na katikati ya pande, kwani upepo ukilifanya tanga, nyuso zinapinda. Kwa onyesho la umma, shughulikia mapema kibali cha Bodi ya Kuainisha Filamu na ruhusa ya wenye haki miliki.

Watoto wadogo wasiwepo. Bango lina sura za watoto wa shule na huwadanganya wazazi, lakini ndani mna mateso, mauaji ya familia ya Maruge na uchi wa muda mfupi; Marekani waliipa alama ya PG-13, yaani huenda isiwafae walio chini ya miaka 13. Kuanzia miaka 13, akiwa na mtu mzima wa kujibu maswali, sawa. Na ukiwa na wazee kwenye kikundi, waulize faraghani siku moja kabla kama wako tayari kuona sehemu za kambini. Wako ambao watapenda kuketi nje kwa dakika hizo, na kiti kiwekwe mlangoni kabla filamu haijaanza.