Git ilivyosaini kazi yangu kwa jina la mtu nisiyemjua

Laptopu yangu niliinunua mkononi hapa Kigoma, maeneo ya Mwanga, ikiwa na Ubuntu tayari. Nikabadilisha nywila na picha ya mezani, nikaona yatosha, nikaanza kazi. Wiki tatu baadaye mwenzangu wa Dar es Salaam, ambaye tunaandika naye programu ya kutunza hesabu za magunia ya dagaa, akanipigia simu. Sauti haikuwa ya salamu.

"Kaka, huyu jamaa uliyemwingiza kwenye kazi yetu ni nani? Mbona hatujaongea habari ya malipo yake?"

Jamaa hakuwepo. Alikuwa mwenye laptopu wa zamani. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kazi yetu, ilikuwa ikisoma faili la mipangilio la `.gitconfig` aliloliacha kwenye folda ya nyumbani, na kila komiti (hatua ya kazi ninayoihifadhi) niliyoifanya ikabandikwa jina na barua pepe yake. Git haiulizi kitambulisho. Ningejiandika Linus Torvalds, aliyeianzisha mwaka 2005, nayo ingekubali bila hata kukohoa.

Amri iliyonifumbua macho ni `git config --list --show-origin`. Inakuonyesha kila mpangilio pamoja na faili ulikotoka, maana yako matatu: la mashine nzima (kwangu ni `/etc/gitconfig`), la mtumiaji, na la ripo yenyewe (folda ya mradi inayotunzwa na Git) ndani ya `.git/config`. La ripo linalishinda la mtumiaji, la mtumiaji linalishinda la mashine. Kwa hiyo neno `--global` lisikutishe, wala lisikudanganye: maana yake ni ripo zako zote kwenye akaunti yako ya kompyuta hiyo, basi. Ukihamia mashine nyingine, unaanza upya.

Kurekebisha kulikuwa kwa dakika moja, `git config --global user.name` na jina langu mbele yake, kisha `user.email`. Ila komiti za nyuma hazikubadilika, kwa sababu jina ni sehemu ya komiti yenyewe. Kuligusa ni kuandika historia upya, na mwenzangu alikwishaivuta kwake. Tukaweka faili la `.mailmap` kwenye ripo linalosema huyu ni huyu. Sasa `git log` inanionyesha mimi, ingawa ndani kabisa yule bwana bado yumo.

Hapo ndipo nilipolikalia faili la `.gitconfig` kwa makini, na lazima niseme nimelipenda. `core.editor`, yaani programu ya kuandikia maelezo ya komiti, nimeiwekea nano, maana mara ya kwanza Vim, programu nyingine ya kuandikia, iliponifungukia nilishindwa kutoka nikaishia kufunga terminali nzima. `init.defaultBranch`, yaani jina la tawi la kwanza la kila ripo mpya, nimeiwekea main, tupatane na mwenzangu. Mpangilio huo ulikuja na toleo la 2.28, mwaka 2020. Nimejipa na vifupi, `git st` badala ya `git status`. `help.autocorrect` ndiyo iliyonichekesha. Inasahihisha amri uliyoikosea herufi, lakini namba unayoipa ni sehemu za kumi za sekunde. Nikaandika 5 nikidhani ni sekunde tano za kujirudi. Kumbe ni nusu sekunde, na kidole hakiwahi kuizuia. Sasa nimeweka 30.

Kilichonitoa jasho ni `includeIf`, inayoongeza faili jingine la mipangilio pale tu sharti ulilolitaja linapotimia. Nilitaka folda ya `kazi` itumie barua pepe ya kazini, kwingine kote itumike yangu binafsi. Kwanza nilisahau mkwaju wa mwisho: `gitdir:~/kazi` haizigusi ripo zilizomo ndani, `gitdir:~/kazi/` ndiyo inayozifikia. Nikauweka. Nikaingia kwenye folda ya `kazi`, nikapima, barua pepe ni ileile ya zamani! Nikabadilisha hili na lile mpaka umeme ukakatika na betri ikafuata. Asubuhi ndipo nikagundua kwamba folda ya `kazi` yenyewe si ripo, na sharti hilo hufanya kazi ukiwa ndani ya ripo tu. Nilikuwa nimeshapatia tangu saa mbili usiku. Git ingesema hata neno moja, "sharti hili halijatimia", ningelala mapema. Haisemi kitu. Kwa ukimya huo naikata nyota moja kati ya tano.

Siku hizi barua pepe nimeiondoa kabisa kwenye mipangilio ya jumla, nikaweka `user.useConfigOnly` kuwa true, na kila folda ina faili lake. Nikisahau, Git inagoma kufanya komiti mpaka niitaje barua pepe. Mwenzangu anasema huo ni usumbufu. Yeye laptopu yake aliinunua mpya.