IPSO au Impress: gazeti la Uingereza lijiunge wapi?

IPSO na Impress ni wasimamizi wa magazeti: hupokea malalamiko ya wasomaji na kuangalia maadili ya uandishi. Sheria ya Uingereza hailazimishi gazeti kujiunga na msimamizi yeyote; The Guardian na Financial Times hazimo kokote. Ila mwenye kijigazeti cha mtaa bado huuliza.

Kwa ukubwa wa majina, IPSO iliyoanza 2014 iko mbele: The Sun, Daily Mail na The Times zimo. Inaweza kutoza faini hadi pauni milioni 1, upanga ninaouona ukikaa mno alani. Impress ni ya wachapishaji wadogo, lakini ndiyo iliyotambuliwa rasmi, 2016, na jopo lililozaliwa na uchunguzi wa Jaji Leveson kuhusu mwenendo wa magazeti.

Gharama? Kulalamika ni bure kote kuwili. Zamani kujiunga na msimamizi aliyetambuliwa kulitarajiwa kumkinga mchapishaji dhidi ya gharama za kesi, kupitia kifungu cha 40 cha sheria ya uhalifu na mahakama ya 2013. Hakikuwahi kuanza kutumika, na 2024 Bunge likakifuta. Hapo Impress ilipoteza chambo chake kikubwa.

Tovuti ndogo inayoishi kwa michango ya wasomaji itafaidi muhuri wa Impress. Kijigazeti kinachomilikiwa na kampuni kubwa? Makao makuu yameshakuchagulia IPSO.