Kitako kipya kwa bunduki ya kuwindia wanyama waharibifu: kipi kinunuliwe kwanza

Mwindaji akishakuwa na mtutu mzito, darubini nzuri na risasi alizozizoea, kinachobaki kumwangusha ni kitako cha plastiki kilichokuja na bunduki. Kitako hapa ni mwili mzima unaobeba chuma cha bunduki, kuanzia begani hadi chini ya mtutu. Kukijaribu ni rahisi. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha kwa mkono mmoja ubane mtutu na ncha ya mbele ya kitako kwa pamoja. Vikigusana, umeshapata jibu. Siku utakayoegemea bipodi, ile miguu miwili ya mbele ya bunduki, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko jana, kitako kitapinda, kitausukuma mtutu, na risasi itatua pengine. Lawama nayo itaangukia baruti, au upepo.

Nazungumzia bunduki ya bolti, yaani ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila unapoingiza risasi, inayopigia shabaha ndogo: sungura, panya wa nyikani, mbweha na wenzao wanaomaliza mazao na mifugo midogo. Kazi hii haifanani na kufuata mbuzi wa milimani siku nzima. Mpigaji hulala au huketi, bunduki iko juu ya mfuko wa mchanga au bipodi, na anaweza kupiga risasi nyingi bila kuhama. Risasi za .223, .204 Ruger au .22-250 hazipigi teke kubwa, kwa hiyo mtu anatarajia kuona kwenye darubini mahali risasi ilipotua. Kwa mahitaji hayo uzito si adui, maana bunduki nzito hutulia. Unachonunua ni ugumu wa sehemu ya mbele, upana wake, na mahali pa kulaza shavu. Mengine yote, rangi ikiwamo, yanakaa foleni nyuma ya hayo matatu.

Kiingie kwanza

Kitako huchongwa kufuata risiva, yaani kile chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu. Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, imeigwa na watengenezaji wengi kiasi kwamba umbo lake limekuwa kama kipimo cha soko zima. Mwenye risiva ya umbo hilo ana uwanja mpana wa kuchagua. Mwenye bunduki adimu ajue mapema kwamba huenda akabaki na chaguo mbili tatu.

Kuna risiva fupi na ndefu, na risasi tatu nilizozitaja hukaa kwenye fupi. Kuna ya mkono wa kulia na ya kushoto. Kuna magazini ya kuchomoa na ile iliyofunikwa chini. Halafu kuna kosa linalorudisha vitako dukani kuliko mengine: mfereji wa mtutu, yaani mtaro ndani ya kitako ambamo mtutu hulala. Mtutu mzito wa Remington una unene wa takriban inchi 0.82 mdomoni, na hauingii kwenye mfereji uliochongwa kwa mtutu mwembamba wa kawaida. Muuzaji akikuambia utausugua kwa msasa, muulize ni kwa kina gani na ukuta wa pembeni utabaki na unene gani. Angalia pia sheria ya unakoishi, kwa sababu zipo nchi zinazobana mshiko wa bastola, kitako cha kukunja au hata kile chenye tundu la kidole gumba.

Sasa mpangilio wenyewe, kwa kufuata thamani ya pesa kwenye kazi hii na si kwa ufahari.

Namba moja: mbao za tabaka

Hizi ni karatasi nyembamba za mbao, mara nyingi birchi, zilizopakwa gundi na kugandamizwa mpaka zikawa gogo moja. Ubao mmoja wa asili hunyonya unyevu na kuvimba upande mmoja kuliko mwingine. Tabaka nyingi zilizofungwa na gundi huzuiana, hivyo kitako hakipindi kirahisi. Sehemu ya mbele huwa ngumu kweli. Ukiibana na mtutu hakisogei kitu. Ni kizito kuliko plastiki, jambo ambalo hapa ni faida. Boyds wa Marekani ndio wanaojulikana zaidi kwa aina hii, na wanakuruhusu kuchagua umbo, urefu na mfereji wakati wa kuagiza.

Ukipata cha umbo la varmint, yaani la kuwindia wanyama waharibifu, sehemu ya mbele huwa pana na bapa chini. Huo ubapa ndio unaolipia. Kitako chenye tumbo la mviringo hubingirika juu ya mfuko kila unapogusa bolti. Kilicho bapa hukaa kilipowekwa, na alama ya darubini inabaki karibu na shabaha hata baada ya kupiga.

Kasoro yake ni mbili. Mbao chini ya skrubu hukandamizika taratibu, kwa hiyo tafuta chenye nguzo, yaani mirija ya alumini, ndani ya matundu ya skrubu, au zitie mwenyewe. Na sehemu zilizochongwa ndani mara nyingi huachwa bila rangi. Zipake dawa ya kuzuia maji kabla ya kufunga chuma.

Namba mbili: polima yenye kiti cha alumini

Plastiki hii si ile ya kiwandani tuliyoibana mwanzoni. Hapa risiva inakalia kipande cha alumini kilichofinyangiwa ndani, na polima imeimarishwa. Magpul Hunter 700 ndiyo mfano unaoonekana sana. Urefu wake unabadilishwa kwa vipande vya kuongeza kutoka inchi 13 hadi 15, na egemeo la shavu linainuliwa kwa vipande pia. Mvua haiisumbui, kukwaruzwa garini hakuitii aibu, na kuifunga hakuhitaji fundi.

Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa bunduki inayolazwa juu ya mfuko, napendelea tumbo pana zaidi na uzito zaidi. Kwa anayetembea sana kati ya kituo na kituo, ningezibadilishana nafasi bila kubishana.

Namba tatu: fiberiglasi ya kutandikwa kwa mkono

Kwa ubora mtupu, hii ndiyo bora kuliko zote. Kikosi cha Marine cha Marekani kilijifunza kwa gharama: vitako vya mbao vya bunduki ya udunguzi ya M40 vilipindishwa na unyevu wa Vietnam, na M40A1 iliyofuata ikapewa kitako cha fiberiglasi cha McMillan. M24 ya jeshi la nchi kavu, ya mwaka 1988, ilikaa kwenye kitako cha H-S Precision chenye kiti cha alumini. Remington nao waliweka vitako vya H-S kwenye 700 zao za varmint.

Bei na kusubiri ndivyo vinavyoishusha. Cha kuagiza chenye umbo lako huchukua muda mrefu, na vingi visivyo na kiti cha alumini humtaka fundi wa kumwaga epoksi, gundi inayoganda ngumu, ili risiva ikae bila mchezo. Ukikuta kilichotumika, kizima, na mfereji unaolingana na mtutu wako, kinunue kabla hujamaliza kusoma hapa.

Namba nne: chesisi ya alumini

Hii ni fremu ya chuma inayochukua nafasi ya kitako. Ni sahihi, inarekebishika kila upande, na haihitaji epoksi. Lakini ni chuma: asubuhi ya baridi inauma shavu na vidole, na nyingi zina sehemu ya mbele nyembamba iliyokusudiwa bipodi kuliko mfuko. Pia zinakudai magazini za kuchomoa, gharama ambayo wengi huisahau kwenye hesabu. Anayeshindana kwenye mashindano ya shabaha ataipandisha, na ana sababu.

Namba tano: mti wa jozi. Unapendeza kuliko vyote hapo juu. Uwe na nguzo na epoksi, na ukubali kukagua mfereji kila msimu ukibadilika.

Namba sita: plastiki tupu ya bei ya chini. Ikiwa ndiyo unayoitoa, usinunue nyingine yenye rangi mpya.

Shavu

Watu hununua kitako kwa macho na kusahau shingo. Darubini yenye kioo kikubwa mbele hukaa juu zaidi ya mtutu, kwa hiyo mgongo wa kitako cha kawaida unakuacha ukiegemea kidevu badala ya shavu. Jipime hivi: funga macho, lala kwenye bunduki ulivyozoea, kisha fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni mwa darubini, egemeo liko chini mno au urefu si wako. Vitako vingi vya kiwandani vina takriban inchi 13.5 kutoka kifyatulio hadi mpira wa begani. Mwenye mikono mifupi, au anayepiga akiwa na koti nene, huhitaji pungufu. Egemeo la kurekebishwa linastahili nyongeza ya bei kuliko rangi yoyote ya msituni.

Wakati wa kufunga

Kwenye kiti cha alumini skrubu hukazwa kwa paundi-inchi 65 hivi. Kwenye mbao zisizo na nguzo usipite 40 au 45. Fuata karatasi ya mtengenezaji ikisema tofauti. Kwenye umbo la Remington 700, chunga skrubu ya mbele: ikiwa ndefu mno hutokeza ndani na kubana meno ya bolti. Bolti iliyokuwa laini ikianza kukwama baada ya kukaza, tazama hapo kwanza. Hakikisha pia kitufe cha usalama na kifyatulio havisuguani na ukuta wa kitako.

Pitisha karatasi kati ya mtutu na mfereji, kutoka ncha hadi karibu na risiva, kuhakikisha havigusani. Halafu nenda ukarekebishe darubini upya, hata kama hukuigusa, na baada ya kupiga risasi za kutosha kuupasha mtutu moto, pitisha karatasi ile tena.