Albuka ya majani ya msokoto: ununue ipi ukiwa Dodoma?

Kama unataka albuka ya kupanda chini, kando ya uzio, hela yako ibaki mfukoni. Ua hili, Albuca spiralis kwa wataalamu, kwao ni pande za Rasi huko Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na joto huja na ukame. Sisi mvua zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, joto likiwa limepamba moto, na ndipo kitunguu chake kinapotaka kulala kikavu, yaani kupumzika bila majani wala maji. Kikiloa kimelala, kinaoza. Kwa hiyo hapa tunanunua ua la chungu, la kuingiza barazani mawingu yakianza kujikusanya.

Namba moja kwangu ni kitunguu kikavu, kilicholala. Kishike, kibonyeze. Kigumu na kizito ni kizima. Kikibonyea kitakoni, pale mizizi inapotokea, mrudishie mwenyewe. Maganda makavu ya juu yasikutishe. Halafu uliza kimetoka wapi, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Cha Afrika Kusini, baridi ya kwao huja miezi ile ile ya kwetu: kinaamka kwenye kipupwe. Cha Uholanzi kimezoea baridi ya Desemba, kwa hiyo kinaweza kukuchipulia mvua zikiwa mlangoni. Kikiagizwa nje kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na cheti cha afya ya mmea cha huko kinakotoka. Muuzaji anayesema atakipitisha kwenye begi la nguo, achana naye.

Namba mbili, mmea ulioota tayari. Bei huwa juu, ila unakiona unachokilipia. Majani yaliyojikunja kama springi ya kalamu yamelelewa juani, kwa maji ya kubana. Yaliyonyooka na kulegea yamekaa kivulini au yamenyweshwa kupita kiasi. Hayatajikunja tena, subiri mapya. Ukiukuta na maua, ya njano yenye kijani, yameinamisha vichwa, nusa: yana harufu ya vanila. Ncha za majani kukauka baada ya maua si ugonjwa.

Mbegu ni namba tatu. Zikiwa mpya zinaota upesi, lakini ua utalingoja kama miaka mitatu.

Na anayeng'ang'ania bustani? Atafute Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la duara linalochomoza mvua za kwanza. Ni la Afrika hii yetu ya kitropiki na mvua za joto halizikimbii. Msokoto halina, na kitunguu chake ni sumu, watoto na mbuzi wakae mbali.

Chungu chukua cha udongo, chenye tundu chini. Cha plastiki kinatunza unyevu mno. Jaza mchanga wa korongoni na kokoto ndogo kwa wingi, samadi kiganja tu. Nusu ya kitunguu ibaki nje ya udongo. Mwagilia majani yakiwepo, na udongo ukauke kwanza kabla ya kurudia. Maji ya kisima chenye chumvi yataacha ukoko mweupe kwenye chungu. Ukiuona, tumia ya mvua uliyokinga kwenye simtanki. Majani yakianza kugeuka njano yote, punguza maji, kisha funga kabisa mpaka kipupwe kijacho.